Mto Niliouvuta

Haikuwa sauti kubwa. Waliowahi kuanika maharage wanaijua: ganda lililokauka vizuri, likipigwa na jua la saa saba, hujipasua lenyewe, kap, punje zikarukia mkekani. Ndivyo ilivyolia. Ila siku ile hapakuwa na maharage. Alikuwepo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, amepiga magoti juu ya nyasi sebuleni kwake Muleba, na mikono yangu miwili ilikuwa mabegani kwake, inamsukuma chini.

Mimi ni mtu wa kucheka. Hata nikifua nacheka peke yangu, maana kichwani kila siku nina ukumbi wangu, nina mapazia ya rangi ya chai ya maziwa, nina watu wanaoniita mwalimu. Kwa hiyo kuandika jambo la aibu si kazi niliyoizoea. Nimeanza mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nasifia ziwa la kwetu. Ngoja niende moja kwa moja.

Nafua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni mjini Bukoba. Nimepanga chumba Bilele, na shule niliishia kidato cha pili. Kwenye ile nyumba kuna ukumbi mdogo, na asubuhi, kabla wageni hawajanywa chai, huja dada mmoja wa Mwanza kufundisha yoga. Sisi wafanyakazi tunamwita Mwalimu. Nilidhani yoga ni kujikunja kama watu wa sarakasi. Kumbe yake ni ile ya polepole, anaiita yoga ya yin. Mnaingia kwenye mkao mmoja, mnakaa. Dakika tatu, dakika tano. Hakuna kuruka wala kutoka jasho. Nilikuwa nikipita na beseni nawaona wamejilaza kimya, nasema moyoni, hawa wametoka kwao mbali waje kukaa? Kukaa nako kunafundishwa?

Siku moja mgeni mmoja alichelewa kuamka. Mwalimu akatoa kichwa mlangoni.

"Wewe unayechekeana na mashuka, njoo ujaze nafasi."

"Mimi? Nina mapovu, Mwalimu."

"Mapovu hayamzuii mtu kupumua. Njoo."

Nikavua kandambili. Mkao wa kwanza ulikuwa kupiga magoti na kukalia visigino. Wageni walikuwa wanaguna, wanajaza mito chini yao. Mimi nikashuka, nikakaa, basi. Kwetu mtoto wa kike akishajua kutembea anajua na kupiga magoti. Unamsalimia mkubwa ukiwa chini, unampa mgeni maji ya kunawa ukiwa chini, hata chumvi ya kuazima unaipokea ukiwa chini. Mwalimu akasimama mbele yangu. "Mtazameni huyu," akasema. Nilikuwa sijawahi kutazamwa kwa jambo zuri. Shuleni nilitazamwa nilipokosa.

Lakini kukaa ni kitu kimoja na kutulia ni kingine. Dakika ya kwanza nilipanga rangi ya mapazia. Dakika ya pili mapaja yakawaka moto, nikataka kunyanyuka. Mwalimu akasema polepole, kama anayeongea na mtoto mwenye homa: "Usiukimbie mwili, wala usiusukume. Fika pale unaposema hapa, halafu ngoja hapo hapo. Mlango mwili utaufungua wenyewe, si wewe." Nikangoja. Dakika ya tatu nikaanza kulia. Nililia kwa ajili ya kuku mweupe wa mama aliyechukuliwa na kicheche nikiwa darasa la tatu.

"Vitu vinakaa nyongani miaka mingi," Mwalimu aliniambia baadaye.

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

Tangu hapo nilijaza nafasi kila ilipopatikana. Mgongo wangu wa kufulia ukaanza kulegea. Nikawa nalala usingizi wa moja kwa moja. Na kwenye bomba la maji kule Bilele, mtu akinipita foleni, nilianza kugundua kuwa kati ya kukasirika na kujibu kuna nafasi ndogo, na mtu anaweza kusimama hapo kidogo akapumua. Zamani sikuwa nayo. Nilikuwa najibu kabla hata hajaweka ndoo.

Sasa shangazi. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Magoti yake yalianza kumsumbua miaka mitatu nyuma. Kushuka kibanjani kwenye migomba aliweza, kwa kujikongoja, lakini kupiga magoti kulishindikana. Kwa mwingine lingekuwa jambo dogo. Sisi ni Walutheri, na siku ya Chakula cha Bwana watu huizunguka madhabahu, wanapiga magoti, mchungaji anapita. Wasioweza hubaki kwenye benchi la mbele, upande wa ukutani, pamoja na vikongwe na wagonjwa, naye huwafuata pale pale. Shangazi alikuwa amehamia benchi hilo.

"Nimewekwa na wanaongoja kufa," aliniambia, "na mimi bado nina maharage ya kupanda."

Mwaka huu mjukuu wake alikuwa apate kipaimara. Shangazi alitaka jambo moja tu: siku hiyo apige magoti mezani pa Bwana, ubavuni mwa mtoto huyo. Mara moja. "Nikishindwa kuinuka mtaniinua," alisema.

Nikamwambia kwa lile neno letu la kubembeleza, "Shangazi waitu, mimi nitakufikisha chini." Nilisema nikicheka, kama mtu anayeahidi kuleta sukari.

Basi kila Jumamosi yangu ya mapumziko nikawa naenda Muleba. Nilikata nyasi kule rweya, kwenye mbuga ya wazi nje ya vibanja, nikazitandaza sebuleni, maana mikeka laini ya Mwalimu sikuwa nayo, na nyasi mbichi ni laini kuliko mikeka hiyo na zinanukia. Nikachukua gunia la kahawa, nikalijaza majani makavu ya mgomba, nikalishona likawa mto. Shangazi alipiga magoti, nikamwekea mto juu ya visigino, akaukalia kama aliye kwenye kigoda. Kila baada ya wiki mbili nilifungua mshono nikatoa konzi moja ya majani. Ndiyo ilikuwa njia yangu. Konzi moja, wiki mbili, ashuke kidogo bila goti kujua.

Jirani yake akajiunga. Huyu ni mwanamke Mwislamu, babu yake alitoka pwani akaoa hapa, naye anauza vitenge na ana ulimi. Siku ya kwanza nilipowainamisha mpaka paji la uso likagusa nyasi, sauti yake ikatoka chini huko.

"Hili nalifanya mara tano kwa siku tangu utoto. Leo ndiyo Walutheri mnanifundisha?"

"Wewe huinuka haraka," shangazi akamjibu, naye akiwa uso chini. "Kaa huko tukuone."

"Jirani, usinichekeshe, nyasi zinaingia puani."

"Mnaongea," nikasema.

"Haya, mwalimu amekasirika. Mwalimu wa kufua."

Siku nyingine tulikuwa watatu, tumelala chali kimya kabisa, mlango wazi. Mzee mmoja wa kijijini akapita barabarani. Sasa kwetu nyasi hutandazwa sebuleni kwa sikukuu au kwa msiba, na sikukuu haikuwepo. Mzee akavua kofia, akaingia kwa hatua za taratibu, akasema, "Poleni sana, waitu. Ni nani?"

Shangazi hakufungua hata macho. "Ni mimi," akasema. "Lakini bado."

Tulicheka mpaka jirani akashikilia mguu wa meza. Tangu siku ile kile tunachofanya kikapata jina, Kukaa. Jumamosi tunaenda Kukaa, walisema, na wakati mwingine walifika wanawake wanne, watano.

Na kweli ilisaidia. Silisemi hili kujisifu, sina tena cha kujisifia. Shangazi alianza kulala bila kuamka kuchua miguu. Alisema, "Siku hizi asubuhi nasikia ndege kabla sijalisikia goti." Mto ukapungua, ukabaki unene wa vidole vinne. Kipaimara kilikuwa bado majuma matano. Nilipiga hesabu ya konzi na wiki, nikaona tutafika karibu kabisa na chini, na kilichobaki angekimaliza kwa kuegemea ukingo wa madhabahu. Tulikuwa tunafika. Ndilo linaloniuma zaidi.

Halafu Mwalimu akaniita. Alikuwa anasafiri kwa miezi miwili na alitaka mtu wa kumshikia vipindi vyake vya asubuhi.

"Nasikia una wanawake wako kijijini," akasema. "Nirekodie video fupi. Nataka kuona unavyoongoza."

Nilirudi Bilele nikiwa natembea kama nisiyekanyaga chini. Mapazia niliyaona, na safari hii yalikuwa yameshatundikwa. Mwalimu hakuniambia nimletee mtu aliyeshuka mpaka chini. Hilo niliongeza mimi.

Jumamosi hiyo nilifika mapema, wenzetu hawajaja. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya chai. Nikatazama kwenye kioo chake: bibi mmoja amekalia gunia. Ilionekana vibaya. Niliona aibu kwa niaba yake, na yeye mwenyewe wala hakuwa na aibu yoyote.

"Shangazi, leo tujaribu bila mto."

"Bado, mwanangu. Hapa ndipo linaposema hapa."

"Kidogo tu. Ni kwa ajili ya video."

"Video nayo inataka goti langu?"

Akacheka, nami nikacheka. Nilijua hawezi kuninyima kitu. Tangu utotoni hakuwahi kuweza. Akashika kigoda kilichokuwa kando, akajiinua kidogo, nami nikauvuta mto nikautupa nyuma ya kochi. Akashuka nusu, akasimama hapo.

"Hapo," akasema.

Nilisikia. Nataka hilo lieleweke, kwamba nilisikia. Alisema hapo, nami nikaweka mikono mabegani kwake, na kwa ile sauti tamu niliyoiiga kwa Mwalimu nikasema, "Toa pumzi," nikasukuma.

Kap.

Hakupiga kelele. Alisema tu "Mawe," yaani mama wee kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau sokoni. Nilimshika, nikamlaza kwenye nyasi. Goti likaanza kuvimba mbele ya macho yangu. Nikampigia simu mwanawe mkubwa, ambaye kwangu ni kaka, akaja na pikipiki mbio.

"Imekuwaje?" akauliza mlangoni.

"Ameteleza kibanjani," nikasema.

Sikupanga. Yalitoka yenyewe, tena haraka, kama zamani kwenye bomba la maji. Kaka akamgeukia mama yake. Shangazi alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama anayepima mzigo, iwapo nitaweza kuubeba. Kisha akasema, "Majani yalikuwa na umande."

Hospitali walisema mishipa ya goti imevutika vibaya. Wakamfunga bandeji, wakasema asilikunje mpaka litakapopona, na litapona polepole. Kijiji kizima kilimpa pole ya umande. Jirani akamletea mafuta ya kuchua. Nami nilienda, nikapika, nikafua, nikachota maji, na kila aliyekuja aliniambia, "Una moyo mwema, mtoto wewe." Nilikuwa naitikia. Sijui mdomo wangu uliweza vipi.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Shangazi alivaa gauni lake jipya, akakaa benchi la ukutani na fimbo. Mjukuu alipiga magoti pamoja na wenzake. Kisha tukaitwa sisi wengine. Nilikwenda. Nilipiga magoti, na magoti yangu yalishuka vizuri kabisa, kimya, kama nilivyosifiwa Bukoba. Nikapokea. Nilipokuwa narudi nikaona mchungaji amefika kwa shangazi. Shangazi akatikisa kichwa. Mchungaji akainama, labda alidhani hakusikia. Akatikisa tena. Mchungaji akapita.

Watu walisema ni uchungu wa goti, amesusa kwa sababu alitaka kupiga magoti. Nami nilitaka iwe hivyo. Nje, nikimshika mkono kwenye ngazi, nilimwuliza.

"Shangazi, kwa nini hukupokea? Hata ukiwa umekaa ni sawa."

"Goti halijanizuia," akasema. "Nilisema uongo. Mezani pale siendi na uongo mdomoni."

"Lakini uongo ni wangu. Mimi ndiye niliyeuanza."

"Uliuanza wewe, nikaumalizia mimi. Twende, wageni wana njaa."

Hakunikumbusha kuwa mimi nilikwenda na nikapokea. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani, nikitazama fimbo inavyochoma ardhi, na nilitamani anitukane, angalau tusi moja, nipate la kujibu.

Chini ya turubai watu walikuwa wanakula ndizi na samaki. Kaka alikuwa amekaa na wazee, sahani mkononi. Nilifika mbele yake nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia magoti yangu yanaumia, maana chini palikuwa na changarawe.

"Kaka," nikasema, "shangazi hakuteleza. Nilimsukuma mimi. Alisema bado, nikamwondolea mto, nikamsukuma, kwa ajili ya video."

Wazee wakaacha kutafuna. Kaka aliweka sahani chini taratibu.

"Kwa hiyo umande ulikuwa wewe."

"Ni mimi."

"Mama yangu ulimfanya maonyesho?"

Jirani alikuwa anagawa juisi, jagi likabaki hewani. "Na mimi nikabeba mafuta yangu kuja kuchua umande!" akasema. Mtu mmoja alitaka kucheka, akageuza kikawa kikohozi. Kaka hakucheka. Alinyanyuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na mpaka leo ananisalimia kwa neno moja tu.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. "Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi uongo wangu umekwisha. Inuka, walete wazee maji ya kunawa."

Mwezi uliofuata alipokea, akiwa benchi la ukutani. Kupiga magoti bado, na ubavuni mwa mjukuu siku ya kipaimara ndiyo imepita, haitakuja nyingine. Mwalimu nilimwonyesha video, yote, pamoja na sauti. Aliitazama hadi mwisho akanirudishia simu.

"Mkao unaujua," akasema. "Kungoja hujui. Na mimi sifundishi kitu kingine." Asubuhi zake alimpa mtu mwingine. Naendelea kufua mashuka, na nafasi ikipatikana najaza, nyuma kabisa, karibu na mlango. Kila huyo mpya anaposema usiusukume, masikio yangu yanapata moto. Namngojea amalize. Na huo moto nao naukalia, dakika tano, unapungua kidogo, lakini aibu haiishi.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu. "Waambie Jumamosi tunaanza tena Kukaa," akasema. "Ila wewe utakaa ukutani, mikono mapajani. Maneno utasema, mikono hapana."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ule mzaha wako usiuache Bukoba. Nyumba imepooza."

Nilifika asubuhi. Alikuwa amekwenda kwenye kikao cha akina mama cha usharika, ufunguo chini ya chungu. Nikatandaza nyasi. Mto ulikuwa bado nyuma ya kochi, pale pale nilipoutupa. Aliyefagia alifagia kuuzunguka. Nikaushika. Ulikuwa mwembamba, vidole vinne, majani yake yamevunjikavunjika kama tumbaku. Nikafungua mshono, nikayamwaga jikoni. Nikashuka kibanjani, nikachuma majani yaliyokauka kwenye migomba, moja moja, nikayatoa ule uti wa katikati ili yasichome. Nikajaza konzi ya kwanza. Nikajaza ya pili. Zote nilizowahi kuzitoa nilizirudisha, mpaka mto ukawa mnene kama wiki ya kwanza. Nikachukua sindano ya magunia, nikaushona kwa uzi wa mara mbili, nikauweka juu ya nyasi mahali pake, nikatoka nje kungoja.